Chini ya Dirisha la PVC Tuweke Nini

Huu ni mwaka wa kumi na nne nikitoa madirisha ya zamani hapa Malindi na kuweka ya PVC, yaani ya plastiki, mahali pake. Useremala niliupokea kwa mjomba wangu, tukichonga fremu za mbambakofi, na hizo bado nazipenda. Lakini wateja wanaokaa karibu na ufuo wamechoka na chumvi. Dirisha la chuma linalopigwa na upepo wa bahari huanza kumwaga magamba ya kutu mapema, na la mbao likikosa rangi misimu miwili, mvua na mchwa hugawana. Kwa hiyo PVC imeingia, na kazi yake ina siri moja ambayo mafundi wengi wanaipita mbio: kabari, kile kipande kidogo kinachowekwa chini ya fremu kabla ya plasta kukificha.

Nitaeleza nilivyojifunza, maana nilijifunza kwa hasara ya mtu mwingine na sikupenda.

Ilikuwa nyumba moja upande wa Casuarina. Dirisha la sebuleni, la kusukuma, majani mawili (vile vipande vyenye kioo vinavyosogea), upana mita 1.8 na kimo mita 1.2. Kizingiti cha zamani hakikuwa sawa, nikakisawazisha kwa vipande vya plaiwudi nilivyovikata palepale. Pima maji ikatulia katikati, nikajaza povu, nikapiga silikoni, nikalipwa. Kaskazi yote dirisha lilikwenda kama mafuta. Masika ilipoanza na kusi ikaleta mvua ya ubavu, yule mama mwenye nyumba akanipigia simu. “Mwanangu, dirisha la sebuleni limegoma.”

Nikaenda kesho yake asubuhi. Jani la kulia lilikuwa likifika katikati linasimama, ukilisukuma kwa nguvu linapanda juu ya reli yake. Nikafunga uzi kutoka pembe hadi pembe kwenye fremu ya chini: katikati ilikuwa imezama milimita 4. Nikabandua silikoni, nikakwangua povu, nikatoa kipande cha plaiwudi. Tabaka zake zilikuwa zimeachana kama chapati ya kusukuma. Nikakibana kwa vidole, yakatoka maji.

Hebu tupige hesabu ya mzigo uliokuwa juu ya kile kipande. Kioo cha milimita 1 ya unene kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba. Dirisha lile lilikuwa na kioo cha milimita 5, yaani kilo 12.5 kwa mita ya mraba, na eneo lake ni mita za mraba 2.16. Hiyo ni kilo 27 za kioo peke yake, hatujagusa fremu wala vyuma vya ndani. Na dirisha la kusukuma lina tabia yake: ukilifungua, majani yote mawili hukusanyika upande mmoja, kwa hiyo mzigo wote unahamia nusu ya kizingiti, tena kupitia magurudumu madogo yanayokanyaga mahali pembamba.

Mbao ya mbambakofi ya inchi 4 kwa 2 ingeubeba mzigo huo bila kulalamika hata kama chini yake pana uwazi. PVC haiwezi. Ndani ya fremu ni vyumba vitupu vilivyotenganishwa na kuta nyembamba, na hata ikiwa imetiwa chuma katikati, inataka kushikwa kutoka chini. Mjomba alikuwa akisema fremu inabeba dirisha. Kwa PVC mambo yamegeuka: ukuta ndio unaobeba, na kabari ndizo zinazoufikisha mzigo ukutani.

Basi kabari ya chini iweje? Mimi huiuliza mambo manne. Ikikandamizwa, itabonyea? Ikilowa, itavimba au kuoza? Itagombana na PVC, na silikoni, au na ukuta? Na je, naweza kupata unene ninaoutaka, milimita moja moja, bila kubahatisha? Kitu kikishindwa swali moja kati ya hayo, hakikai chini ya dirisha langu.

Kinachopita yote manne ni kabari ya plastiki ngumu, zile bapa zinazouzwa kwa pakiti kwa ajili ya vioo na madirisha, nyingine zikiwa na umbo la herufi U ili zizunguke skrubu. Huja kwa unene kuanzia milimita 1 hadi 6 au zaidi, kila unene na rangi yake. Rangi hizo usiziamini, kwa sababu kila kiwanda kina mpango wake. Nyekundu ya pakiti hii si nyekundu ya pakiti ile. Pima kwa kipimo. Ukipanga moja juu ya nyingine, panga chache na nene kuliko nyingi na nyembamba, maana rundo la sita huteleza. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na dirisha lenyewe, na sijawahi kuona mteja akiikataa baada ya kuelezwa kazi yake.

Cha pili ni ubao wa plastiki mzito, ule uliochanganywa na unga wa mbao au wa plastiki tupu, unaotumika kwa sakafu za nje. Huu naupenda kwa kizingiti kirefu kilichoinama, nitaueleza mbele kidogo. Unakatwa kwa msumeno wa kawaida na mchwa hawana habari nao. Hakikisha tu ni mzito na umejaa ndani. Ule wenye matundu katikati utapasuka ukikanyagwa na fremu.

Mbao ngumu, kama mvule au mbambakofi iliyokauka vizuri, naikubali kwa shingo upande, ndani ya nyumba, mahali pasipofikiwa na mvua. Nimeziona zilizodumu. Lakini kuna mazoea hapa pwani ya kuzichovya kwenye mafuta chakavu ya gari ili mchwa wasizile, na mazoea hayo ni adui wa dirisha. Mafuta hupenya hadi ukingoni, na silikoni haishiki mahali penye mafuta. Dirisha litavuja kando ya kila kabari na wewe utakuwa unatafuta tundu ambalo halipo. Saipresi, plaiwudi na vipande vya kreti sitaki hata kuvisikia tena.

Halafu kuna yale ambayo mafundi huokota chini. Kipande cha kigae ni kigumu, ndiyo, lakini ni kigumu kupita kiasi na kina ncha: mzigo wote unasimama juu ya ncha, na kona ya fremu niliwahi kuikuta imepata ufa kwa sababu hiyo. Soli ya kandambili inabonyea siku ileile. Raba ya tairi nayo inabonyea, pole pole, na huweza kuacha doa kwenye PVC nyeupe. Kadibodi sisemi. Bati au kipande cha nondo kitashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo itainua fremu mahali pamoja na kubandua plasta kwa wakati mmoja.

Jambo hilo la kutu linahusu pia dirisha la zamani unalolitoa. Fremu za chuma zilifungwa ukutani kwa masikio yaliyozikwa kwenye saruji. Wengi huyakata juujuu kwa grenda na kupiga plasta. Yatavimba. Yafukue kwa patasi, yatoe yote, au yakate ndani kabisa ya ukuta kisha uyapake dawa ya kuzuia kutu kabla ya kuziba.

Povu la kopo na saruji

Nasimama hapa kidogo kwa sababu makosa mengi ninayoitwa kurekebisha yanaanzia hapa.

Povu la kopo linajaza, linazuia upepo, linapunguza kelele. Halibebi. Fundi anayeweka fremu juu ya vijiti vya muda, akajaza povu, kesho yake akang'oa vijiti, ameacha dirisha likielea juu ya kitu laini kama sponji iliyokauka. Na povu lenyewe lichague lile linalovimba kwa upole, lililotengenezwa kwa milango na madirisha. Lile la kawaida lina nguvu ya kupinda fremu ya PVC kuelekea ndani, ukaamka na dirisha ambalo jani lake halifunguki. Lowesha ukuta kwa maji kidogo kabla ya kulipiga, kwa kuwa linakomaa kwa unyevu, na ujaze nusu tu ya nafasi uliyonayo.

Saruji ni hadithi nyingine. Kuna wanaoshindilia saruji mbichi chini ya fremu wakiamini wamemaliza. Saruji ikikauka inajikunyata na kuacha uwazi mwembamba usioonekana, huku kwingine ikiishika fremu kama kucha isiweze kujinyoosha. PVC lazima inyooke. Inarefuka takriban milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1 ya joto. Fremu ya mita 1.8 ikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri ikapigwa na jua la saa nane, ikapanda nyuzi 25, imerefuka kama milimita 3. Chuma cha urefu huohuo hurefuka kama nusu milimita. Na zile fremu za rangi ya kahawia zinazoiga mbao hunywa jua zaidi kuliko nyeupe, kwa hiyo zinahitaji nafasi zaidi.

Ndiyo maana huacha milimita 5 kila upande kwa dirisha dogo, na 7 au 8 kwa dirisha linalozidi mita moja na nusu. Saruji naitumia kutengeneza kizingiti chenyewe, si kushika fremu. Mawe ya matumbawe tunayojengea hapa ni laini, ukingo wake hubomoka ukitoa dirisha la zamani. Nachanganya saruji 1 kwa mchanga 3, mchanga wa mtoni usio na chumvi, nasawazisha kizingiti upya, nakinyweshea maji siku kadhaa, kisha ndipo narudi na dirisha. Mteja mwenye haraka hukasirika. Mwache akasirike.

Kizingiti kilichoinama

Nyumba nyingi za zamani, kizingiti kimeinamishwa kuelekea nje ili maji yatoke. Ni ufundi mzuri na usiuharibu. Shida ni kwamba fremu ya PVC chini yake ni bapa. Ukiiweka, inakaa kwenye ukingo wa ndani tu, na upande wa nje unaning'inia. Kizingiti kikiinama sentimita 1 kwa kila sentimita 10, fremu yenye kina cha milimita 60 itakuwa na uwazi wa milimita 6 upande wa nje. Sita ni nyingi. Dirisha litaanza kulala kuelekea nje taratibu, na skrubu za pembeni ndizo zitakazokuwa zikilizuia, kazi ambayo hazikuumbiwa.

Dawa ni kabari iliyochongwa kwa mwinamo uleule. Hapa ndipo ule ubao mzito wa plastiki unapopata heshima yake. Nakata kipande cha kadi, nakisimamisha ukutani, nachora mwinamo wa kizingiti, nauhamishia kwenye ubao, kisha nachana vipande vyenye urefu wa sentimita 10 na kina sawa na kina cha fremu. Naviacha na nafasi kati yao ili maji yakiingia yapate njia ya kutoka. Ukikosa ubao, tumia kabari mbili za plastiki zilizochongoka, uzikabilishe, moja ikiingia kutoka ndani na nyingine kutoka nje, uzisukume hadi zikutane na kujaza. Jambo la kushika ni kwamba fremu ishikwe kina chake chote, kuanzia uso wa ndani hadi uso wa nje. Kabari moja iliyochomekwa kwa ndani haitoshi hata ikionekana imekaza.

Kama fremu ya mbao ya zamani inabaki na ya PVC inaingia ndani yake, chukua bisibisi uichome mbao kila sentimita 10, hasa kona za chini. Ikizama bila nguvu, hiyo mbao imekufa na hakuna kabari itakayoiokoa. Toa yote.

Mahali pa kuziweka

Tafuta kwanza sehemu ya juu kabisa ya kizingiti kwa pima maji ndefu, na uanzie hapo. Kwingine kote utaongeza ili kufikia kimo hicho. Weka kabari chini ya kila nguzo ya pembeni, na chini ya nguzo ya katikati kama ipo, kwa sababu mzigo hushuka kupitia nguzo. Kwa dirisha la kusukuma naongeza kabari kila sentimita 30 chini ya reli, tangu siku ile ya Casuarina sijawahi kupunguza. Kabla ya kuweka fremu, igeuze uangalie matundu ya kutolea maji yaliko, uweke alama ya penseli ukutani, ili kabari isikae mbele ya tundu. Tundu likizibwa, maji ya masika yatajaa kwenye reli na kumwagikia sebuleni.

Pembeni, kabari inakaa kando ya kila skrubu. Ukikaza skrubu penye uwazi, unaivuta fremu kuelekea ukutani na nguzo inapinda. Skrubu ya kwanza naiweka sentimita 15 hadi 25 kutoka kwenye kona, na zinazofuata zisiachane zaidi ya sentimita 60. Juu, chini ya linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, acha nafasi. Kabari ya huko ni ya kuzuia fremu isicheze tu, isibebe kitu. Linta ikishuka hata kidogo na kukuta kabari imekaza, dirisha ndilo litakalobeba nyumba.

Kisha pima mishazari yote miwili kwa futi. Tofauti ikizidi milimita 3, rudi kwenye kabari. Fungua na funga majani yote mara kadhaa kabla ya povu, si baada yake. Kabari zinazochungulia nje zikate ziingie ndani kama sentimita 1 kutoka kwenye uso wa fremu, silikoni ipate kupita moja kwa moja bila kukatika.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na ukiwa karibu na ufuo tafuta zile za daraja la 316. Zile za 304 ni nzuri bara, lakini hewa ya bahari huzitia madoa. Silikoni nayo, inuse. Ile inayonuka siki usiitumie kwenye mawe ya matumbawe wala saruji, maana asidi yake hugombana na chokaa na haishiki. Omba isiyo na asidi.

Kuna kabari za aina nyingine, za ndani, kati ya kioo na jani. Kwa kioo kisichofunguka, mbili chini zinatosha, kila moja robo ya upana kutoka kwenye kona. Kwa jani la bawaba, weka moja chini upande wa bawaba na nyingine juu kwenye kona ya mshazari wake. Hivyo kioo chenyewe kinakuwa kama mwega ndani ya jani na kulizuia lisilegee kona. Jani la PVC linaloburuta chini mara nyingi halina shida ya bawaba. Kabari zake za kioo ndizo ziliwekwa upande usio wake, au hazikuwekwa kabisa.

Huulizwa pia na ndugu wa Lamu kama ningewafanyia. Kwa nyumba mpya nje ya mji, ndiyo. Kwa Mji wa Kale, ambao uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, jibu langu ni hapana. Huko dirisha ni la mbao na litengenezwe na seremala wa huko.

Kwa yule mama wa Casuarina nilirudia kazi yote bila malipo: nilitoa dirisha, nikapiga kizingiti kipya, nikangoja siku saba, nikaweka kabari saba za plastiki ngumu chini ya reli na nguzo. Siku hizi, kila nikimaliza dirisha, huchukua kalamu isiyofutika nikaandika kwenye uso wa ndani wa fremu, mahali patakapofunikwa na ukingo, tarehe na unene wa kila kabari kuanzia kushoto, na nikamwachia mwenye nyumba kabari chache ndani ya mfuko. Fundi atakayekuja baada yangu ataondoa ukingo na kujua kilichomo bila kubomoa.